Mzee Ngwali Aliposimama

Kabichi za Agustino hazifungi. Huota vizuri, hutandaza majani mapana kama sahani, kisha hubaki hivyo hivyo, majani matupu, mpaka jua liyachome. Kisaki si nchi ya kabichi. Kila mtu pale stesheni amekwisha kumwambia. Msimamizi wa genge linalofyeka nyasi kando ya reli, ambako Agustino hupata kibarua, humtania kila asubuhi: "Mzee wa milimani, leo umevuna masikio mangapi?" Agustino hucheka pamoja na wenzake. Jioni hujaza debe lake maji na kumwagilia tena.

Nilimkuta mwaka 1984, treni ilipochelewa siku moja na nusu. Nilimuuliza kwa nini hapandi mchicha kama watu wengine.

"Nataka nione moja tu ikifunga," alisema. "Nikiiona nitaacha."

Treni ikichelewa namna ile mtu husimuliwa maisha mazima. Nilisimuliwa ya kwake, na baadaye nikapanda mwenyewe mpaka Lubwe, kijiji chake cha zamani upande wa baridi wa milima ya Uluguru, nikasikia yaliyobaki. Hayo yaliyobaki yeye hayajui.

Nimepita nchi ambako mke akifa mume hurithi kila kitu, hata sufuria alizoletwa nazo bibi harusi. Lubwe ni kinyume. Shamba ni la mama. Mwanamume akioa huchukua jembe lake na mkeka wake akaenda kulima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Mke akifa, siku ya kuondoa matanga kaka wa marehemu humkabidhi mgane jembe na mkeka mbele ya watu, naye hurudi kwa ukoo wa mama yake. Wakubwa wa wilaya walipokuja kuhutubia kwamba ardhi ni ya taifa zima, Lubwe walipiga makofi, wakaimba, wakarudi kwenye mashamba ya mama zao.

Lakini wameacha upenyo mdogo. Mgane akifika mpakani mwa kiwanja akasimama na kugeuka, shemeji yake anaweza kumwambia: "Shemeji, rudi unywe maji." Akirudi akanywa, amebaki, na hakuna atakayemwondoa tena. Asiposimama, haitwi. Mtu aliyekwisha kushika njia haitwi mgongoni. Ni kumfungia njia, na kule wanaamini kwamba kifo hufuata sauti hiyo.

Sasa mchezo wa redio. Mwishoni mwa miaka ya sitini kulikuwa na mchezo uliorushwa kila Jumapili alasiri, ukiitwa kwa jina la mtu wake mkuu, Mzee Ngwali. Ngwali alikuwa bahili, mwenye majivuno, anayeishi kwenye shamba la mkewe na kuliita "himaya yangu". Alificha chumvi. Aliwafukuza wageni kwa kujifanya mgonjwa. Lubwe nzima ilimchukia kwa furaha kubwa. Baada ya Misa watu walijazana mbele ya duka la kijiji, ilipokuwa redio, na Ngwali alipokohoa tu kina mama walianza kumzomea.

Sehemu ya mwisho ilirushwa mwaka 1969. Mke wa Ngwali amekufa. Kaka wa marehemu anamwambia: "Jembe lako hili, mkeka wako huu. Ulikuja navyo, nenda navyo." Kisha zinasikika hatua za mzee juu ya changarawe, kisha muziki.

Agustino alikuwa na miaka ishirini na sita, miaka mitatu tu tangu amwoe Eufrazia. Alicheka mpaka akashika tumbo. Hakuna aliyesikia hatua zile sawasawa, maana duka lote lilikuwa linapiga kelele. Mwamvita, mwanamke mwenye ulimi kuliko wote kijijini, aliruka juu ya benchi akaigiza mwendo wa Ngwali, makalio nyuma, jembe begani.

"Na wewe Agustino usicheke sana," alimwambia. "Umekuja na jembe gani? Nakumbuka lilikuwa halina hata mpini!"

"Mpini nilikuja nao, muulize Eufrazia," alijibu Agustino, na watu wakaangua kicheko kingine. Eufrazia alijifunika uso kwa kanga.

Wakati huo alikuwa ameanza kujenga ngazi. Shamba la Eufrazia lilikuwa mteremko mkali ambao mvua ililamba udongo wake kila mwaka. Agustino alibeba mawe kutoka mtoni, moja moja, akajenga kuta, akajaza udongo nyuma yake, ngazi moja baada ya nyingine. Ilimchukua miaka kumi na miwili kufikisha ngazi kumi na tisa. Juu yake alipanda kabichi, karoti na njegere, na mpakani mwa kiwanja akapanda miti minne ya plamu. Shemeji yake Petro, kaka yake Eufrazia, alikuwa akipita na kumwambia, "Shemeji, unajenga kama mtu atakayeishi milele." Agustino aliichukua kama sifa.

Mchezo ulirudiwa mwaka 1975, sehemu zote kuanzia mwanzo. Agustino sasa alikuwa mtu mzima mwenye sauti. Kwa ukoo wa mama yake, nyuma ya kilima cha pili, ndiye aliyekuwa mjomba, mwenye neno la mwisho juu ya shamba la dada yake Bernadeta. Bernadeta alikuwa mgonjwa mwaka ule, na mumewe, Yohana, alikuwa mtu mpole, mvivu kidogo, mpenda pombe ya miwa. Agustino hakumpenda. Aliposikia tena sehemu ya mwisho hakucheka sana kama mara ya kwanza. Aliisikiliza kama mtu anayesikiliza maelekezo.

"Nilisema moyoni, huyu kaka wa marehemu amesema vizuri," aliniambia. "Maneno machache. Hakuna matusi."

Bernadeta alikufa baada ya mavuno. Siku ya kuondoa matanga Agustino alisimama mbele ya watu, akashika jembe na mkeka, akasema kwa sauti ile ile ya redio: "Jembe lako hili, mkeka wako huu. Ulikuja navyo, nenda navyo." Watu waliitambua. Wengine walicheka, msibani pale pale. Yohana naye alitabasamu, kwa sababu mtu akichekwa hadharani hana pengine pa kuuweka uso wake.

Akaondoka. Alipofika kwenye mgomba wa mpakani akasimama. Akageuka.

Agustino alijua maana yake. Maji yalikuwemo kwenye mtungi, hatua tatu kutoka alipokuwa. Binti wa Yohana, Regina, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikwisha kushika kata.

"Umesahau nini, shemeji?" aliuliza Agustino.

Watu walicheka tena. Yohana aliangalia chini, akajifanya anakaza kamba ya mkeka.

"Sijasahau kitu," alisema, akaenda. Alikwenda kwenye mashamba ya katani kule bondeni, na baada ya miaka miwili ikaja habari kwamba amefia huko, na kwamba wamemzika wenzake wa kambini.

"Ulijisikiaje?" nilimuuliza Agustino.

"Vizuri," alisema. Alikuwa akikuna udongo uliokauka kwenye debe. "Sitakudanganya. Nilijisikia vizuri kwa miaka saba."

Eufrazia alikufa mwaka 1982, mwaka wa shida. Sabuni hakuna, chumvi kwa foleni, nguo ya sanda ilipatikana kwa kibali. Alianza na homa Jumatatu, Ijumaa akafa. Watoto wawili waliowazaa hawakuwahi kukua, kwa hiyo Agustino hakuwa na mtoto wa kusimama mbele yake. Aliyebaki kati yake na njia alikuwa Petro peke yake, na Petro alikuwa mtu wa kunyamaza. Katika wiki zote za matanga alikuja kila siku, akaketi, akavuta tumbaku yake, akaondoka. Hakusema lolote kuhusu shamba.

Agustino hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alizunguka ngazi zake, akigusa mawe. Alizijua kuta zake kama mchungaji anavyojua ng'ombe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kila alichowahi kukifanya kwa mikono yake kilikuwa kwenye mteremko ule. Alitaka kubaki. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Jumapili moja kabla ya kuondoa matanga, ilisikika dukani kwamba mchezo wa Mzee Ngwali umerudiwa tena na leo ndiyo sehemu ya mwisho. Betri hazikuwa zikipatikana mwaka ule. Mwenye duka alikuwa amezianika za zamani juani tangu asubuhi, juu ya bati, ili zipate nguvu kidogo. Redio ilitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyefungiwa sandukuni. Ili wasikie ilibidi watu wanyamaze kabisa, na kwa mara ya kwanza Lubwe ilimsikiliza Ngwali bila kumzomea.

Agustino aliketi benchi la nyuma. Petro alikuwa benchi la mbele, mgongo umemgeukia.

Yule kaka wa marehemu alisema maneno yake. Zikaja hatua juu ya changarawe. Na hapo Agustino akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia mara mbili zilizopita: hatua zilisimama. Muziki haukuja. Kulikuwa na ukimya. Ngwali, mficha chumvi, alikuwa amesimama mpakani mwa kiwanja akingoja aitwe.

"Nilihesabu pumzi zangu," Agustino aliniambia. "Sita. Pumzi sita yule mzee amesimama. Hakuna aliyesema neno. Halafu hatua zikaanza tena, halafu muziki. Miaka yote nilidhani alikwenda moja kwa moja. Nilidhani alijijua kwamba hatakiwi."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwona Yohana. Anakaza kamba ambayo haikulegea."

Kama ingekuwa hadithi ya kufundishia watoto, hapo mtu angelia, angetubu, angesamehewa. Agustino hakulia. Alichojifunza ni kitu kingine. Alijua swali litakalomngoja mpakani, kwa kuwa ndiye aliyelitunga. Wiki ile yote alilisikia kwa sauti yake mwenyewe: Umesahau nini, shemeji? Akaapa kwamba hatampa mtu yeyote pumzi zile sita.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa. Mwamvita alikuwapo, sasa mwenye mvi, naye alikuwa mtani wa ukoo wa Petro, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kufanya lolote. Alianza asubuhi. Alimvua Agustino kofia, akaivaa. Alichukua ufagio akauweka begani kuwa jembe, akatembea kwa mwendo wa Ngwali mpaka kwenye miti ya plamu, akasimama, akageuka.

"Jamani niiteni!" alilia. "Miguu ya mzee hii, itasimama mpaka lini? Hata maji mnaninyima? Basi nipeni hata ya kuoshea vyombo!"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Alirudi, akaenda tena, akasimama tena. "Mwone huyu Agustino alivyokaza shingo! Wewe, kusimama huwezi? Shingo imeota mfupa?"

Agustino alimtazama akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Aliona kwamba wamekwisha kumfanyia mazoezi ya aibu yake.

Petro akainuka. Alishika jembe na mkeka. Hakutumia maneno ya redio. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Shemeji, vitu vyako hivi."

Kutoka mlangoni mpaka mti wa plamu wa mwisho ni hatua arobaini na moja. Agustino alizitembea zote bila kupunguza mwendo, akauvuka mpaka, akateremka. Nyuma yake hakuna aliyecheka. Aliuona ukimya ule kuwa ushindi wake.

Kwanza alikwenda kwa ukoo wa mama yake, nyuma ya kilima cha pili, kwenye shamba ambalo yeye ndiye mjomba wake. Regina alikuwa pale, sasa mama wa mtoto mmoja, na mumewe. Alipiga magoti, akasema shikamoo, akapokea jembe na mkeka, akapika ugali na maharage. Siku tatu alimtunza bila kosa. Siku ya nne, akimmwagia maji ya kunawa, aliuliza kwa adabu:

"Mjomba, baba yangu siku ile alikwenda wapi?"

Agustino alisema hajui.

"Nilitaka tu kujua," alisema Regina. "Maana nawe unaweza kupaona huko."

Angeweza kumwamuru. Mila ilikuwa upande wake. Alimaliza kunawa, akachukua jembe lake, akateremka mpaka joto lilipoanza, na hakusimama mpaka Kisaki, ambako reli ilihitaji watu wa kufyeka nyasi na hakuna aliyewahi kusikia jina lake.

Hayo ndiyo aliyonisimulia. Treni ilipofika aliniomba jambo moja: nikipita Morogoro, na kama nitapanda huko juu, nizitazame ngazi zake.

Nilifika Lubwe baada ya miezi miwili. Petro alinipokea vizuri, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya tumbaku. Alinitembeza. Ngazi tatu zilikuwa zimebomoka kwa mvua za masika na hakuna aliyejua kuzijenga tena. Walikuwa wameziba kwa magogo, na magogo yalikuwa yanaoza. Plamu zilikuwa zimezaa mpaka matawi yameinama.

Nilimwambia ninakotoka na nani ameniambia nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama Agustino alitaja ile Jumapili ya redio.

"Alitaja. Alisema alihesabu pumzi sita."

"Mimi sikuhesabu," alisema Petro. "Mimi nilitaka kupiga kelele pale dukani: mwiteni! Mwiteni mzee wa watu! Mara mbili za kwanza niliona haki imetendeka. Safari ile nikaona wale waliobaki uani. Nikaona kaka wa marehemu amesimama na mdomo wake umefungwa, na kesho yake ataamka, na keshokutwa yake, na mdomo ule ule." Alitema tumbaku. "Jumapili ile ile nilikwenda kwa Mwamvita. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia, mtanie, mkumbushe asimame. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia simama. Ni kama kumpa amri ya kuomba. Lazima asimame mwenyewe. Maji yalikuwa tayari. Tuliandaa kata ya marehemu."

"Na alipopita mti wa mwisho?"

"Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Utamwitaje mtu mgongoni? Nimwue?"

Nilimuuliza kama Agustino akirudi sasa atapewa maji. Petro alitazama nyumba. Mwanamke kijana alikuwa anaanika njegere mlangoni, mtoto wa dada yake mwingine, aliyeolewa mwaka jana.

"Nyumba nimempa Furaha," alisema. "Mumewe ndiye huyo anayeweka magogo." Akavuna plamu kikapu kizima akanipa. "Mpelekee. Lakini usimwambie niliyokuambia. Sasa anajua kwamba tulimkataa, na hilo mtu anaweza kuishi nalo."

Kikapu kilifika Kisaki nusu kimeoza. Agustino alikaa chini kivulini akachagua zilizokuwa nzima, akala moja polepole.

"Hii ni ya mti wa tatu," alisema. "Wa tatu una uchachu karibu na kokwa."

Akauliza ngazi zake. Nilisema zipo. Akauliza kama Petro ni mzima. Nilisema ni mzima, na anamsalimu.

Aliingoja ile salamu iendelee. Nilitazama reli.

"Hakusema neno jingine?"

"Hakusema."

Alitikisa kichwa taratibu, akatema kokwa kwenye kiganja, akalitupa kati ya kabichi zake zisizofunga. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyeambiwa kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

"Unaona?" aliniambia. "Bora sikusimama."